Weupe Ulioungua: Mjadala wa Mwanga Mkali katika Picha za Bukavu

Sehemu ya picha huhesabiwa kuwa imeungua pale mwanga ulioingia unapozidi uwezo wa sensa kuupokea. Kila pikseli hujaa mwanga kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba: ikishajaa, maji yanayoendelea kumwagika hayapimiki tena, na ndoo iliyofurika kidogo haina tofauti na iliyofurika sana. Katika faili la JPEG hali hiyo huandikwa 255 kwa nyekundu, 255 kwa kijani na 255 kwa buluu. Mahali hapo hapana uzi, hapana mkunjo wala wingu. Kivuli kilichokosa mwanga bado hubaki na chembe za habari zinazoweza kuinuliwa, hata kama zitatoka na chenga. Weupe ulioungua hauna cha kuinuliwa. Kutokana na tofauti hiyo wapiga picha wa nje wamegawanyika: wako wanaolinda weupe kwa gharama yoyote, na wako wanaosema kwamba gharama hiyo hulipwa na nyuso za watu.

Bukavu ni mji wa Kongo unaoyachochea mabishano hayo kila siku ya jua. Uko takriban digrii 2.5 kusini mwa ikweta, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na katika miezi mingine pia, saa sita mchana, halisogei mbali sana na utosi. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo hutia giza kwenye matundu ya macho huku ukiunguza paji la uso, pua na mabega. Chini yake kuna vitu vinavyourudisha juu kwa ukali: maji ya ziwa yanayozunguka rasi za mji, mabati ya komuni ya Kadutu yaliyopandana mlimani, na samaki wadogo waitwao sambaza, walioanikwa juani, kila mmoja na magamba yake ya fedha.

Hesabu ya mwanga huo si ngumu. Kanuni ya zamani inasema kwamba mchana usio na mawingu, kwa ISO 100, tundu la f/16 na kasi ya 1/100 au 1/125 ya sekunde hutosha. Kivuli cha wazi, chini ya baraza au pembeni mwa ukuta, kina mwanga pungufu kwa stopu tatu hivi, yaani sehemu moja ya nane. Kitambaa cheupe hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaokipiga. Ngozi nyeusi sana hurudisha asilimia 10 hivi. Bibi harusi akisimama juani na mama yake akisimama kivulini, kati ya nguo ya mmoja na uso wa mwingine kuna stopu sita, mwanga mara 64.

Sensa kubwa za kisasa hubeba stopu 12 hadi 14 zikiwa kwenye ISO ya chini, kwa hiyo stopu sita zingeweza kuonekana ni kidogo. Ugumu uko mahali pengine. Kamera ikishapima kijivu cha wastani, juu yake huacha stopu mbili na nusu au tatu tu kabla JPEG haijafika 255. Nafasi nyingine yote iko chini, upande wa vivuli. Dari liko karibu, sakafu iko mbali.

Sauti tatu husikika katika mjadala huu. Ya kwanza ni ya kijana wa harusi aliyejifunza kazi kwa kamera ya dijitali. Huyu ni mlinzi wa weupe. Ya pili ni ya mzee wa studio aliyeanza na filamu, naye ni mtetezi wa uso. Ya tatu ni ya dada wa maabara, anayepokea kazi za wote wawili na kuzichapa. Sauti hizi ni za misimamo, wala hazina jina la mtu.

Kijana ndiye anayeanza. “Mzee wangu, nguo ya bibi harusi imegharimu fedha za ukoo mzima. Ina shanga, ina maua yaliyodariziwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nikirudi na picha ambayo kifua chote ni ubao mtupu, nitajibu nini?” Njia yake ni ya utaratibu. Huwasha alama ya kumetameta inayoonyesha sehemu zilizofika mwisho, hupiga picha moja ya jaribio kwenye ngazi za kanisa, hutazama kinachometameta, kisha hupunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu au stopu nzima mpaka nguo iache kumetameta. Haamini skrini ya kamera, na hapo ana haki kamili. Mchana wa Bukavu skrini huonekana ina giza hata kama picha iko sawa, na anayeifuata kwa macho huongeza mwanga bila kujua kwamba anaunguza. Histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga katika picha, haidanganyiki na jua. Ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa kulia, kuna kilichopotea.

“Na nguo hiyo, mwanangu, imevaliwa na nani?” mzee anauliza. Kwake, picha ya harusi ni picha ya watu. Miaka mingi ikipita, wajukuu hawatahesabu shanga. Watatafuta uso wa bibi yao, na uso wa mama yake bibi ambaye pengine hatakuwapo tena. Picha iliyopunguzwa stopu mbili kwa ajili ya nguo humwacha mama huyo katika giza. Akiinuliwa kwenye kompyuta, ngozi yake hutoka kijivu au zambarau, imejaa chenga, na ule ung'avu wa kahawia unaoifanya ngozi nyeusi kuwa hai unakuwa umekwisha. Hesabu inamuunga mkono. Kupunguza stopu tatu ni kubakiza sehemu moja ya nane ya mwanga, na kwa kuwa chenga za mwanga hufuata kipeuo cha pili, ubora wa sehemu hiyo hushuka karibu mara tatu. Uso unaorudisha asilimia 10 tu ya mwanga huanza ukiwa tayari karibu na chenga. Uso mweupe ungekuwa umesimama juu zaidi.

Hoja ya mzee ina historia nzito kuliko anavyoisema. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Maabara zilizozitumia zilirekebisha mashine zao mpaka ngozi ya mwanamke huyo ipendeze, na ngozi nyeusi ikachapwa kwa kipimo ambacho hakikuitarajia. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada amebainisha kwamba waliochangia kubadilisha filamu za Kodak ni pamoja na watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani katika matangazo. Basi mzee anayekataa kuweka uso wa Mkongo chini kabisa ya kipimo anajibu kosa lililodumu kwa miongo, na kijana anayemwona kuwa hajui dijitali hajamsikia vizuri.

Hata hivyo mkono wa mzee ulizoezwa na kitu kingine, na hapa ndipo mabishano mengi hupotea njia. Filamu ya negativu, ile ya rangi iliyosafishwa na maabara za mitaani kwa miaka mingi, huvumilia mwanga uliozidi. Kiwango cha juu cha negativu hakikatiki ghafla. Hujipinda polepole, na stopu mbili za ziada bado huacha kitu cha kuchapa. Kinachoumiza negativu ni upungufu, kwa sababu kivuli kisichoandikwa kwenye filamu hakirudi. Ndiyo maana Ansel Adams na Fred Archer, walipopanga mfumo wao wa kanda huko Los Angeles katika miaka ya 1939 na 1940, walifundisha kupima mwanga kwa kufuata vivuli na kuidhibiti sehemu angavu wakati wa kusafisha filamu. Filamu ya slaidi ilidai kinyume: nusu stopu ya ziada ilitosha kuharibu wingu. Sensa ya dijitali, kwa tabia yake ya kukatika ghafla juu, imefuata slaidi. Mzee aliyebeba mazoea ya negativu huongeza mwanga kwa usalama, na usalama huo ndio unaounguza nguo. Kijana aliyebeba tabia ya slaidi bila kuijua hupunguza kwa usalama, na usalama huo ndio unaofuta uso.

Dada wa maabara huingia hapo. “Ninyi wawili mnagombania JPEG,” anasema. “Nileteeni RAW, halafu tuzungumze.”

Maelezo yake yanahitaji nafasi, kwa kuwa ndiyo yanayobadilisha sura ya mjadala. Histogramu na alama za kumetameta zinazoonekana kwenye kamera hutokana na JPEG ambayo kamera imeitengeneza ndani, hata kama mpiga picha anahifadhi RAW, yaani data ghafi ya sensa, peke yake. Faili la RAW lenyewe mara nyingi lina akiba ya nusu stopu hadi stopu nzima juu ya kinachoonekana. Kwa hiyo nguo inayometameta kidogo tu kwenye mabega inaweza kuwa salama kabisa, na kijana anayeishusha mpaka kumetameta kuishe kabisa hupoteza stopu ambayo uso ungeihitaji. Zaidi ya hayo, sensa huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Katika faili la biti 14 kuna ngazi 16,384. Stopu ya juu kabisa hupata nusu yake, 8,192, inayofuata 4,096, kisha 2,048, na hivyo hivyo mpaka stopu ya saba ambayo hubaki na ngazi 128. Mwaka 2003 mpiga picha Michael Reichmann, baada ya mazungumzo na Thomas Knoll, mmoja wa waanzilishi wa Photoshop, aliandika ushauri unaotokana na ukweli huo: jaza histogramu upande wa kulia kadiri inavyowezekana bila kugusa ukuta, kisha shusha mwanga kwenye kompyuta. Faida kubwa ya njia hiyo ni mwanga wenyewe kuliko hizo ngazi, kwa kuwa mwanga mwingi una chenga chache. Lakini ushauri unabaki ule ule, nao humpa kila mmoja haki yake: kijana amepewa ukuta asiouvuka, mzee amepewa mwanga wote unaowezekana chini ya ukuta huo.

Dada huyo pia hueleza kwa nini baadhi ya weupe hurudi na mwingine haurudi. Rangi tatu hazijai kwa wakati mmoja. Kwa mwanga wa mchana, pikseli za kijani za sensa nyingi hujaa kwanza. Zikijaa zenyewe huku nyekundu na buluu zikiwa na nafasi, programu ya kusafisha RAW inaweza kukisia kijani kilichopotea kwa kutazama nyingine mbili, na mkunjo wa nguo ukaonekana tena. Ikikosea katika ukisiaji huo, mkunjo hutoka na rangi ya waridi. Kwenye JPEG ya uso wenye jasho, jua la jioni likiupiga, mara nyingi ni nyekundu inayogonga mwisho kwanza. Kijani huendelea kupanda, na paji la uso linageuka manjano bila mtu kuelewa sababu. Zikijaa zote tatu, basi. Kuna programu zinazoweka kijivu mahali palipoungua ili pasionekane peupe, lakini kijivu hicho hakina uzi wa nguo ndani yake. Ni afadhali weupe ule ubaki mweupe kuliko kupakwa rangi ya uongo.

“Sawa, dada,” mzee anajibu, “lakini hujasema ni weupe upi.” Swali hili ndilo kiini cha suala zima, na mlinzi wa weupe hawezi kulikwepa. Alama ya kumetameta haitofautishi kitu na kitu. Mama anayeuza sambaza ufukweni ana beseni mbele yake. Kila samaki ana nukta moja au mbili zinazorudisha jua lenyewe, kama lilivyo, machoni pa lenzi. Nukta hizo zinaweza kuwa na mwanga mara mamia kuliko kitambaa cheupe. Hakuna sensa itakayozibeba pamoja na uso wa mama huyo, na hakuna haja ya kuzibeba, kwa sababu ndani yake hamna habari yoyote isipokuwa jua. Zikizimwa kwa kupunguza mwanga stopu tatu, samaki hupoteza uhai, wanaonekana wamechakaa, na mama amekuwa kivuli. Ziachwe ziungue. Hali ni hiyo hiyo kwa mstari wa jua juu ya ziwa, na kwa bati jipya la Kadutu linalotupa mwanga wa saa sita kuelekea komuni ya Ibanda. Lakini kando ya nukta ya samaki kuna ubavu wake, wenye mistari na rangi ya fedha iliyotulia. Huo una habari, nao unapaswa kubaki.

Kijana anaikubali hoja hiyo kwa sharti moja: ukubwa. Nukta ikiwa ndogo, jicho huiona kama mng'ao. Ikipanuka na kuwa doa lisilo na kingo, jicho huiona kama tundu kwenye picha. Paa moja linalong'aa kati ya mamia ni mng'ao. Mlima mzima wa mapaa yaliyoungua ni picha iliyopotea. Sharti hilo ni la haki.

Anga jeupe nyuma ya mtu ndilo doa kubwa kuliko yote, na hapa Bukavu hulipata mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti ambapo vumbi na moshi hufanya anga kuwa kama ukungu unaong'aa. Tatizo ni la kale. Bamba za picha za karne ya 19 ziliona buluu kupita kiasi, na anga lilitoka tupu. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alitumia negativu mbili kwa baadhi yake, moja ya maji na moja ya mawingu, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Dada wa maabara hufanya kazi ile ile kwa picha tatu zilizopishana stopu mbili mbili. Mandhari ya rasi na milima ya Rwanda ng'ambo inakubali njia hiyo, mradi kamera imekazwa kwenye miguu mitatu. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni kwenda kuvua sambaza usiku, haikubali. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu wavuvi wamekwisha kupiga kasia, na muunganisho unazaa mikono ya ziada. Kwa mitumbwi hiyo, jua likiwa linashuka nyuma ya milima ya magharibi upande wa Mlima Kahuzi, pima anga na uwaache wavuvi wawe weusi. Umbo lao la mistari na miti linajisemea, na mzee mwenyewe, kwa mapenzi yake yote ya nyuso, halipingi hilo.

Vifaa vya mbele ya lenzi hupunguza mabishano kabla ya picha kupigwa, ila kila kimoja kina mahali pake. Filta iliyopakwa giza upande wa juu ni nzuri baharini, ambako upeo umenyooka. Bukavu upeo ni milima, na giza la filta hukata vilele vyake na mnara wowote unaopanda juu ya mstari. Polaraiza ina manufaa zaidi, lakini wengi huitumia kwa imani tu. Mng'ao wa maji huitikia vizuri kamera ikitazama ziwa kwa pembe ya digrii 37 hivi kutoka usawa wa maji. Hapo filta ikizungushwa, weupe wa juu ya maji hufutika na mawe ya chini yakaonekana. Majani ya migomba nayo huitikia, na kijani chake hurudi. Bati tupu haliitikii. Mwanga unaorudishwa na chuma kisichopakwa kitu hautengeki kwa njia hiyo, na mpiga picha anayezungusha polaraiza mbele ya mapaa mapya hupoteza stopu moja na nusu au mbili bila kupata lolote. Bati lililopakwa rangi huitikia kiasi, kwa sababu ya tabaka la rangi, na lililoshika kutu halina mng'ao wa kusumbua tangu mwanzo. Jambo moja zaidi linafaa kujulikana na anayeishi karibu na ikweta: anga huitikia polaraiza zaidi kwa digrii 90 kutoka jua. Jua likiwa utosini, ukanda huo unalala kwenye upeo wa macho pande zote, na anga la chini juu ya ziwa hukolea buluu sawasawa popote kamera inapoelekea. Saa sita, saa ambayo vitabu vingi husema kamera ifungwe begini, ina zawadi hiyo.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kupunguza umbali kati ya weupe na uso kabla ya kubonyeza kitufe. Hapa kijana na mzee hukutana, ingawa kila mmoja anadhani amemshinda mwenzake. Bibi harusi akihamishwa kutoka ngazi zenye jua hadi kivuli cha ukuta, pamoja na mama yake, zile stopu sita zinakuwa tatu. Nguo na uso vimeingia ndani ya JPEG ya kawaida, na RAW haijaguswa. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba nyuma yao hamna ziwa linalong'aa. Kwenye soko la Kadutu kivuli kina hila yake: chini ya turubai la buluu kila kitu ni cha buluu, na uso wa muuza vitenge hutoka kama mgonjwa hata mwanga ukipimwa sawasawa. Asogee hatua mbili, mpaka mwanga wa barabarani umguse kutoka mbele. Shuka jeupe likishikwa na mtu kifuani pake nje ya picha hurudisha stopu moja usoni, wakati mwingine zaidi, kwa gharama ya shuka.

Flashi huwafaa wale ambao hawawezi kuhama. Kamera nyingi zenye shata ya pazia hukubali flashi mpaka kasi ya 1/200 au 1/250. Kwa ISO 100 na 1/200, jua la mchana hudai f/11. Flashi yenye namba ya mwongozo 36 ikipigwa moja kwa moja hufika zaidi kidogo ya mita tatu kwa tundu hilo, kwa hiyo mpiga picha anayesimama mita saba na kutarajia flashi imsaidie anajidanganya. Asogee. Mahali pamoja flashi haitumiki hata ukisogea: mbele ya sokwe wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970. Huko somo lenyewe ni manyoya meusi ndani ya msitu wenye mianya ya jua. Kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, majani yanaungua, na mgongo wa fedha wa dume unakuwa doa jeupe. Kupunguza stopu moja kunaokoa mgongo huo pamoja na majani, na macho ya sokwe yanabaki yanaonekana kwa sababu yana unyevu unaong'aa. Hapo mlinzi wa weupe anashinda bila upinzani.

Simu nazo zimeingia kwenye ugomvi zikiwa na jibu lao. Mwaka 2013 Google ilitoa kwenye Nexus 5 mfumo wa HDR+, unaopiga picha kadhaa kwa mfululizo, zote zikiwa na mwanga mdogo ili weupe usiungue, kisha unazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya ili chenga zipungue, na mwisho unainua vivuli. Yaani simu hulinda weupe kama kijana na kuinua uso kama mzee, kwa kutumia hesabu ambayo kamera kubwa nyingi hazifanyi ndani yake. Matokeo yake kwenye jua la Bukavu mara nyingi ni mazuri kuliko JPEG ya kamera ya bei kubwa, na mpiga picha mwaminifu hana sababu ya kulikana hilo. Upungufu wake ni kwamba nyuso huinuliwa mpaka kivuli cha asili kinatoweka, na ngozi nyeusi ilipauka katika mifumo ya awali kwa kuwa mifano iliyoifundisha ilikuwa na weusi wachache. Mwaka 2021, kwenye Pixel 6, kampuni hiyo ilitangaza marekebisho iliyoyaita Real Tone kwa ajili ya ngozi za namna zote, ishara kwamba lalamiko la enzi ya kadi za Shirley halikuwa limekwisha.

Uamuzi, basi, hauwezi kuwa wa kugawana nusu kwa nusu. Weupe wenye habari ndani yake, nguo ya harusi, kanzu za watoto wa komunyo ya kwanza, ubavu wa samaki, wingu lililobeba mvua juu ya kisiwa cha Idjwi, ndio ukuta wa kupimia: mwanga uongezwe mpaka weupe huo uguse ukingo wa RAW na usivuke. Mng'ao usio na habari usipewe sauti katika kipimo. Uso ukiwa bado gizani baada ya hapo, uletewe mwanga au uhamishwe. Na pale ambapo mambo hayo yote hayawezekani, kama katika picha ya habari au ya msiba ambapo hakuna wa kuambiwa asogee, uso utangulie na nguo iungue. Mzee ana haki hapo, na kijana atakubali siku atakapoombwa picha ya mtu aliyefariki akagundua kwamba alilinda shati lake.

Linabaki suala la karatasi, ambalo dada wa maabara huliona kila siku na wapiga picha hulisahau. Karatasi ya picha, hata ile inayong'aa, haionyeshi zaidi ya stopu saba hivi kati ya weusi wake na weupe wake. Kwa mashine ya wino, 255 kwa rangi zote tatu ni amri ya kutoweka tone lolote, na kwenye karatasi ya kung'aa doa hilo lisilo na wino huonekana hata kwa kuinamisha picha kidogo dirishani. Nguo iliyochapwa kati ya 235 na 245 inaonekana nyeupe kabisa, na uzi wake upo. Kabla ya kutuma faili kuchapwa, mpiga picha aelekeze kishale kwenye mkunjo mweupe kuliko yote na asome namba. Zikiwa 255 mara tatu, arudi kwenye RAW. Na kama hakuhifadhi RAW, achague picha nyingine.